Chapisha Hiyo Picha, Wacha Kungoja Lavington

Wasee, leo sibembelezi mtu. Napiga picha tangu nikiwa kidato cha tatu, nikianza na simu ya binamu yangu, na nimechoka kusikia wapiga picha wenzangu wakiongea kama watu wako kwa foleni ya visa. "Nangoja galari inijibu." "Nangoja matokeo ya tuzo." "Nangoja mtu wa Ulaya aone kazi yangu." Sawa. Na huku ukingoja, picha ziko wapi? Ziko kwa simu. Na simu iko Nairobi. Mnajua vile simu huisha hii Nairobi.

Mimi yangu iliisha Juni 2024. Tarehe 25, ile siku watu waliingia Bunge, nilikuwa tauni toka asubuhi. Kenyatta Avenue, Kimathi, Moi Avenue, kote. Nilipiga picha 212. Najua hesabu kwa sababu nilikuwa nimeziangalia jioni nikiwa nimejificha kwa ngazi za jumba fulani, nikijiambia hizi ndizo zitanitoa. Kesho yake, kwa stage, mtu alipita na simu. Leo niko na picha tisa. Tisa, kwa sababu hizo ndizo nilikuwa nimemtumia dadangu WhatsApp ajue niko hai.

Najua siko peke yangu. Kuna wenye akaunti zao zilifungwa. Kuna wenye walifuta kila kitu wenyewe kwa uoga. Kizazi chetu ndicho kimepiga picha nyingi kuliko chochote kilichotangulia katika nchi hii, na tukiulizwa leo tuweke hata hamsini mezani, za kushika, tutaanza kuangaliana.

Hoja yangu basi ni hii: mpiga picha wa hapa achapishe kazi yake mwenyewe, kwa karatasi, kwa bei ambayo mtu aliye ndani ya picha anaweza kulipa, kabla hajajaza fomu hata moja ya tuzo. Kijarida kwanza. Zine. (Nikiliandika hilo neno vile Kiswahili kinataka litatoka "zini," na hapo mamangu ataitisha mkutano wa familia. Tubaki na kijarida.)

Mtaniambia pesa hakuna. Haya, tuhesabu. Karatasi sita za A4 ukizikunja katikati zinakupa kurasa 24. Hiyo ni pande kumi na mbili za kutoa kopi, nyeusi na nyeupe, na kule River Road nililipa bob tano kwa upande. Sitini. Jalada la karatasi ngumu, arobaini. Soo moja kwa nakala. Steplo ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, hilo nililigundua nikiwa nimeharibu nakala mbili, kwa hivyo nilitoboa mashimo matatu kwa sindano na nikashona kwa uzi. Shosho wangu alinicheka kwanza, halafu akanionyesha fundo. Nakala arobaini, bob elfu nne. Niliuza 31 kwa 250 kila moja, na tisa nikapeana.

Sasa weka hiyo elfu nne kando ya kitu kingine. Kuna shindano moja la ng'ambo nililituma picha tano mwaka uliopita. Ada ya kuingia: dola 35. Hiyo ni kama elfu nne na nusu kwa pesa zetu, na kitu nilichopata ni barua pepe ya mistari miwili inayoanza na jina ambalo si langu.

Wacha niwaambie kile kijarida kilinifanyia, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo tuzo haiwezi.

Naishi Kangemi. Kila asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, watu wanatoka Kangemi na Kawangware kwa miguu kuenda kazi Lavington na Kileleshwa. Wafua nguo, walinzi, watu wa mjengo, watu wa maua. Kijarida changu kilikuwa hao tu, wakitembea, picha 22. Moja ilikuwa ya mama anayeuza uji pale kwa stage ya Waiyaki Way, amechukuliwa kutoka kando, moshi mbele yake, leso imeshuka bega moja. Kwa Instagram hiyo picha ilikuwa imepata laiki kushinda zote nimewahi kuposti. Watu walikuwa wanaweka moto moto huko chini.

Nilimpelekea nakala yake. Akapangusa mikono, akafungua polepole, ukurasa kwa ukurasa, akitaja majina ya watu. "Huyu ni Baba Shiko. Huyu aliacha kazi." Akafika kwake. Kimya. Halafu:

"Kijana wangu, hii uliipiga lini?"

"Mwezi wa pili, mathe."

"Na hukuniuliza."

Sikuwa na jibu. Watu elfu tatu walikuwa wameshaona ile picha, na yeye ndiye wa mwisho. Akaniambia leso ile ni ya kufanyia kazi, haitoki nje ya hapo stage, na kwamba kama ningesema angevaa ile ingine. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinipimia uji, akakataa pesa, akasema nirudi Jumamosi. Nilirudi. Amevaa ile ingine, ameketi wima, ananiangalia moja kwa moja. Toleo la pili la kijarida liko na hiyo picha, na ile ya kwanza niliitoa hata kwa Instagram.

Nikiwa mkweli, ya kwanza ilikuwa kali zaidi. Bado nafikiria hivyo. Lakini haikuwa yangu peke yangu, na singewahi kujua kama ingebaki kwa skrini.

Sasa tuje kwa galari. Circle Art Gallery iko Lavington, One Off iko Rosslyn. Zinafanya kazi nzuri, kuingia ni bure, nendeni. Lakini angalia ramani. Wale watu wa picha zangu wanapita Lavington kila siku saa kumi na mbili asubuhi na tena saa kumi na moja jioni, na mwenye amechoka hivyo habishi geti yenye mlinzi kuuliza kama anaruhusiwa kuangalia picha. Hakuna mtu amemfukuza. Ni vile tu ile geti inaongea. Tauni angalau kuna Alliance Française pale Loita Street, na Nairobi Gallery katika lile jengo la 1913 penye Kenyatta Avenue inakutana na Uhuru Highway. Hata hapo, hesabu watu wanaopita na watu wanaoingia.

Kuna wakati picha zilitoka nje zikawafuata watu. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, Boniface Mwangi na wenzake walianzisha Picha Mtaani, 2009: picha za zile siku, barabarani, bure, mtu akitoka kazini anasimama anaangalia. Huyo ni mtu aliyeshinda tuzo ya CNN ya mpiga picha wa habari wa Afrika, 2008 na tena 2010. Tuzo yenyewe ilibeba jina la Mohamed Amin, kijana wa kuzaliwa Eastleigh. Heshima kubwa. Lakini mjomba wangu, ambaye alipatana na zile picha tauni, hajui kitu kuhusu tuzo. Anakumbuka kwamba alisimama mbele ya picha moja kando ya mtu asiyemjua, na wote wawili wakashindwa kuondoka. Sisi za 2024 tumezipeleka mtaa gani?

Na tafadhali msiniletee maneno ati nachukia tuzo. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi hapa Nairobi, alishinda tuzo ya Discovery kule Arles, Ufaransa, 2016, kwa kazi aliyopigia Kibera, mwanamke mwenye ualbino akitembea katika mtaa ambao haumkubali. Nilipoona zile picha mara ya kwanza niliacha kupiga machweo. Alistahili, na ilimfungulia milango. Shida yangu ni na sisi tunaoangalia ule mlango tukasahau kwamba kazi ilikuwepo kabla ya mlango.

Mtazame Malick Sidibé, Bamako, miaka ya sitini. Anapiga picha za vijana kwa sherehe Jumamosi usiku, anarudi studio kusafisha filamu, anabandika picha ndogondogo kwa makaratasi magumu, kila moja na namba yake, vijana wanakuja kujitafuta na kuagiza. Yale makaratasi ya gundi ndiyo yalikuwa maonyesho yake. Tuzo ya Hasselblad ilikuja 2003, na Simba wa Dhahabu wa Venice 2007, wakati wale vijana wa sherehe walikuwa wameshakuwa na wajukuu. Au Daido Moriyama, Tokyo, 1974: badala ya kutundika picha ukutani, aliweka mashine ya fotokopi katikati ya chumba. Unachagua, anakutolea kopi, anakupigia steplo, unaenda nacho nyumbani. Nikisoma hiyo stori niliwaza River Road pekee. Tuko na hizo mashine kila ghorofa! Tunazitumia kutoa kopi za vitambulisho.

Kuna wenye watasema kijarida hakilipi rent. Kweli. Yangu ilibaki na 3,750 baada ya gharama, na hapo sijahesabu nauli wala macho yangu ya kushona usiku. Rent nalipa na harusi na ruracio kama nyinyi wote. Maonyesho pia hayalipi rent, muulize yeyote aliyewahi kulipia fremu kumi na tano halafu akauza mbili. Tofauti ni kwamba fremu zinarudi chini ya kitanda.

Na kuna kundi lingine limeanza kuniudhi: wale wanatengeneza vijarida kumi pekee, karatasi ya kuagiza kutoka nje, muhuri wa nta, sahihi, bei elfu nne. Hiyo ni galari iliyokunjwa. Ukiuza kwa bei ambayo mathe wa uji angelazimika kuuza sufuria ngapi ndio alipe, umejenga tu geti ingine ndogo ya kubeba kwa begi.

Zile tisa za Juni ndizo nafanyia kazi sasa. Nimeongea na wenzangu wanne, kila mmoja akatafute zilizobaki kwa WhatsApp za watu, kwa dada, kwa maeks, kokote. Tumefika 61. Picha zenye sura ya mtu tunamtafuta mwenye sura kwanza, na akikataa inatoka, hata kama ndiyo kali kuliko zote. Tayari tumetoa mbili. Moja iliniuma.

Tukimaliza nitakuwa pale nje ya Kenya National Archives, upande wa Tom Mboya, Jumamosi mchana, na begi nyeusi. 250, M-Pesa au keshi. Kama uko ndani, yako ni ya bure. Na kama uko na picha za ile siku, hata moja, hata imetokea ukungu, niandikie kabla hiyo simu yako haijapata mwenyewe mwingine.