Aibu ya mwalimu isimwache mwanafunzi njiani

Kila shule zifungwapo, walimu na wanafunzi humiminika Mombasa kwa makundi, wengine kwa mabasi ya usiku, wengine kwa garimoshi jipya lililoanza safari zake mwaka 2017. Mchana huwa wa bahari na Ngome ya Yesu. Usiku ndio wenye maneno.

Sina nia ya kumkataza mtu starehe. Mwalimu naye ni binadamu, na aliyesahihisha madaftari muhula mzima ana haki ya kusakata rumba. Ninalolilalamikia ni kwamba twapanga nauli, malazi na chakula hadi shilingi ya mwisho, kisha usiku twauachia bahati nasibu.

Likizo moja ya Aprili, sisi walimu kumi na wanne wa shule moja tulikwenda Mtwapa kucheza dansi. Hatukuwa tumekubaliana lolote. Waliotaka kulala mapema waliitwa wazee; asiyekunywa alilipishwa sawa na mnywaji; naibu wa mwalimu mkuu alimkuta karani wake akimsimanga mezani. Mnamo saa saba za usiku nilitoka nje kupunga upepo. Ukutani alikuwa ameegemea mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, miaka kumi na sita, amelewa chakari, wenzake wamekwisha ondoka. Macho yetu yalikutana. Nami, chupa mkononi, niligeuza uso nikarudi ndani.

Muhula ulipofunguliwa nilisikia kwamba aliibiwa viatu na simu, akakesha kwenye kituo cha petroli. Aliniamkia "Shikamoo, mwalimu" kama kawaida. Niliitikia marahaba, na hadi leo sijapata kulitamka neno hilo bila kuukumbuka usiku ule.

Wapo wanaoshauri kwamba dawa ya fedheha kama hiyo ni mwalimu kwenda mbali asikojulikana. Ushauri huo haufai. Mombasa wakati wa likizo ni Kenya nzima iliyohamia ufuoni. Utakayemkimbia Nyali utamkuta Diani. Isitoshe, aliyekosea usiku ule si yule aliyeonekana, ni yule aliyejificha.

Basi tufanye nini? Kwanza, kundi likae kikao kabla ya safari. Ijulikane nani ataka dansi na nani ataka usingizi, na kila mmoja aheshimiwe. Gharama za ukumbini zitengwe na mchango wa safari, anywaye ajilipie. Pawe na gari moja la kurudia, dereva asiyeonja, na saa ya kuondoka inayofahamika. Watu wahesabiwe wakienda na wakirudi, wala asiachwe mtu kwa kisingizio kwamba "atakuja na wengine". Kila mtu akichunge kinywaji chake, maana dawa za usingizi ambazo vijana wameziita "mchele" zimewafilisi wengi waliojiona werevu.

Pili, wanafunzi mnaosoma makala haya, sheria ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu asiyetimiza miaka 18, na mlinzi akikufungulia mlango hakukufanyia wema. Usiku wa Mombasa una mengine. Nendeni Mama Ngina jioni mle mihogo ya kukaanga, mnywe madafu, mtazame meli zikiingia Kilindini. Atakayekutana nanyi hapo, awe mwalimu au mzazi, mtaamkiana bila kuinamisha vichwa.

Tatu, walimu wenzangu, tukubaliane mapema tutafanyaje tukikutana na wanafunzi wetu. Aliyekwisha maliza shule ni mtu mzima. Msalimie kwa ufupi, usimnunulie kinywaji wala usikubali akununulie, kisha kila mmoja ashike njia yake. Lakini aliye mtoto na yuko taabani, weka chupa chini. Mwite mwenzako mmoja awe shahidi, mtafute mzazi au jamaa yake kwa simu, usiondoke mpaka akabidhiwe mikononi mwa mtu. Lawama zingoje shule ifunguliwe.

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Mwalimu aficheye uso wake ili kulinda heshima huipoteza papo hapo, hata kama hakuna aliyemwona ila mtoto mmoja mlevi aliyeegemea ukuta.