Mustari Unapanda, Sahani Iko Vilevile

Ndugu vijana wa Kasongo na Kabambare, na ninyi wenye mulitoka kwetu Lusangi mukaenda kutafuta maisha ku Kindu, Bukavu ao Goma,

Kila mara wakubwa wanataka kutuonyesha kama inchi inaendelea, wanatutumia picha ya grafiki: mustari moja unaanzia chini kushoto, unapanda juu kuume. Tunatumiana ku WhatsApp. Mumoja anaandika "bravo", mwingine anaandika "uongo". Wote wawili hawakuisoma.

Mimi niko na lisansi ya ekonomi. Tangu nimalize, sijapata kazi. Diploma imelala ndani ya valizi ya mama. Lakini kuko kitu masomo ilinipa chenye hakuna mutu ataninyanganya: kusoma mustari. Leo nataka tugawane.

Tuchukue mufano wa kweli. Bajeti ya taifa ya mwaka 2023 ilikuwa karibu bilioni 32.500 za franka. Ya 2024 ikafika karibu bilioni 41.000. Kutafuta asilimia haiko uchawi: toa hesabu ya zamani ndani ya mupya, unabakia na 8.500. Gawanya kwa ile ya zamani, 32.500. Unapata kama 0,26. Maana yake bajeti ilipanda asilimia 26. Mustari mzuri sana, sivyo?

Sasa uliza swali la kwanza: walipima na nini? Walipima na franka. Mwisho wa 2022, dola moja ilikuwa inauzwa karibu franka 2.000. Mwisho wa 2023, ilikuwa karibu 2.700. Badilisha bajeti zote mbili kwa dola ya siku zile: ya kwanza inatoa kama bilioni 16, ya pili kama bilioni 15. Mustari wenye ulikuwa unapanda mulima, sasa umelala. Na sisi wote tunajua: sabuni, sukari, mafuta ya moto, vyote vinafuata dola mupaka ku butiki ya mwisho ya kijiji.

Swali la pili: mustari unaanzia wapi? Angalia chini ya grafiki. Kama wameandika 30.000 pahali pa zero, basi 32.500 inakuwa kijiti cha 2.500, na 41.000 inakuwa muti wa 11.000. Macho inaona kitu kimepanda zaidi ya mara ine, wakati hesabu inasema asilimia 26 tu. Hakuna namba hata moja ya uongo pale. Macho yako njo imedanganywa.

Swali la tatu: asilimia ya nini? Hapa njo wengi tunaangukia. Dola ikitoka 2.000 ikafika 2.700, imepanda asilimia 35. Lakini franka haikupoteza 35, ilipoteza 26. Fikiria mwalimu wa franka 200.000. Zamani ilikuwa dola 100, sasa ni dola 74. Mukubwa anasema: "Franka imepoteza 26, basi tunaongeza mushahara asilimia 26." Watu wanapiga makofi. Piga hesabu: 252.000 gawanya kwa 2.700, ni dola 93. Mwalimu amepigiwa makofi na bado amepoteza dola 7 kila mwezi. Kwa kurudia pahali alikuwa, anahitaji asilimia 35. Kushuka na kupanda havina mwanzo mumoja.

Swali la nne: wastani wa nani? Wanatuambia uchumi wa Kongo ulikuwa kwa zaidi ya asilimia 8 mwaka 2023. Ni kweli. Lakini watu pia wanaongezeka kwa zaidi ya asilimia 3 kila mwaka, kwa hiyo ukigawanya kwa kila kichwa, inabakia kama 5. Na nguvu kubwa ya ukuaji ule ilitoka ku shaba na kobalti, kule Lualaba na Haut-Katanga. Sisi wa Maniema tuko ndani ya wastani, hatuko ndani ya makuta.

Weka watu kumi ku parking. Tisa ni wamotari, kila mumoja amepata franka 5.000 leo. Wa kumi ni mwenye kamiyo, amepata 105.000. Jumla 150.000, wastani 15.000. Uliza mutu hata mumoja kama ameshika 15.000: hakuna. Vilevile, Benki ya Dunia ilikadiria kama mwaka 2024 zaidi ya Wakongomani 7 kwa 10 walikuwa wanaishi chini ya dola 2,15 kwa siku. Wastani unapanda, na wale saba wako palepale.

Wengine watasema: "Wewe unapinga kila kitu." Hapana. Bajeti kupanda ni jambo nzuri. Lakini bajeti ni hesabu ya makuta tunatumainia, haiko hesabu ya makuta ilitumika. Katiba ya 2006, sharti la 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Mimi mustari wenye nataka kuona ni ule: mwaka kwa mwaka, Maniema ilipaswa kupata ngapi, na ilipata ngapi. Mistari miwili ndani ya grafiki moja. Nafasi kati ya ile mistari, pale njo kuna barabara ya Kasongo–Kindu, kuna mishahara, kuna kazi yetu.

Kwa hiyo, ndugu, musitume tena grafiki bila kuuliza maswali ine: imepimwa na nini? Inaanzia wapi? Asilimia ya nini? Wastani wa nani? Na siku mukubwa atakuja kwetu na mustari wake unaopanda, tumukaribishe kwa heshima, tumupe kiti, kisha tumuombe mustari wa pili.