Maneno yaleyale ukutani

Mwaka 1999, jijini London, msanii Martin Creed aliwasha sentensi ya taa za neoni kwenye mabaki ya kilichokuwa kituo cha yatima: kila kitu kitakuwa sawa. Mwaka 2015 sentensi hiyohiyo, sasa kwa rangi za upinde wa mvua, ikapanda ukutani mwa jumba la sanaa la Christchurch, New Zealand, mji ambao tetemeko la 2011 liliua watu 185. Wengi waliipokea kama faraja. Kisha Machi 2019 muuaji akawapiga risasi waumini misikitini mjini humo, wakafa 51. Mjane wa mmoja wao atayasomaje maneno yale? Mimi nataka yaendelee kuwaka, naye akiyachukia, chuki yake ihesabiwe kuwa usomaji halali.