Ayurveda si kemia, wala si upuuzi

Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliniuliza hivi majuzi iwapo Wahindi wa kale walikosea kusema kwamba mwili ni udongo, maji, moto, upepo na anga. Kabla sijafungua kinywa, wenzake walikwisha kumcheka. Kicheko kile ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Yaonekana sisi walimu tumewazoeza watoto njia mbili tu: ama elimu ya kale ni upuuzi, ama ni sayansi ya leo iliyojificha katika Kisanskriti. Zote mbili ni uvivu.

Waandishi wa Charaka Samhita, kitabu cha kale cha tiba hiyo, hawakuwa wakiorodhesha elementi. Udongo kwao ni kila kilicho kizito na kigumu: mifupa, kucha, nyama. Maji ni kinacholainisha na kushikamanisha. Moto ni joto la mwili na nguvu ya kusaga chakula. Upepo ni mwendo wote, pumzi ikiwamo. Na anga je? Anga ni uwazi: tundu la pua, shimo la sikio, nafasi ya tumbo. Ni wangapi miongoni mwetu wangekumbuka kuuhesabu utupu kuwa sehemu ya mwili?

Ladha nazo walizieleza hivyo hivyo. Utamu ni udongo na maji. Ukali wa pilipili ni moto na upepo. Basi aliyezidiwa na pitta, yaani hali ya moto, hunyimwa pilipili na kupewa vitamu. Msingi huo umepitwa na wakati, lakini ni hoja yenye mwanzo na mwisho. Wayunani nao walihesabu majimaji manne ya mwili, na tiba yao ilipopitia kwa Waarabu ikatuachia maneno belghamu na safura, ambayo twayatumia bila kujiuliza yalikotoka.

Hata hivyo, kumheshimu mzee si kumeza kila akupacho. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa za aina hiyo hutiwa madini kwa makusudi, kwa imani kwamba yakichomwa na kusafishwa hayadhuru. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Mwanafunzi aliyefundishwa kucheka tu hatajua hayo, na aliyefundishwa kusujudu hatauliza.

Nilimjibu kijana yule kuwa ndiyo, walikosea, kisha nikamwomba anionyeshe walipokosea. Hakuweza; wala wale waliocheka hawakuweza. Walimu wenzangu wa sayansi, kabla ya kuwakaririsha watoto jedwali la elementi, watengeni kipindi kimoja cha dakika 40 kwa swali hilo.