Miezi 6, ao zaidi ya 6? Mustari mudogo wenye ulituletea haya

Siku tulianzisha sanduku letu la kusaidiana, sisi wachimbaji wa zahabu wa upande wa Mangurejipa, tulisikilizana bila kelele: mutu akiwa ametoa muchango miezi 6 ao zaidi, na kifo kimupate, sanduku linasaidia familia yake kwenye matanga. Sita inaingia. Kila mutu alisikia hivyo, hata wale walikuwa wamesimama inje.

Kisha tukapeleka maandishi Butembo, kwenye sekretaria moja ya kupiga maandishi na fotokopi. Kijana wa pale alitafuta alama ≥ kwenye klavie, hakuiona. Akapiga > na kuivutia mustari chini. Kwenye karatasi ya kwanza ilionekana sawa kabisa. Lakini wakati tulituma maneno hayo kwa WhatsApp ili tutoe makopi ingine, mustari ulipotelea njiani. Ikabakia « > 6 ». Na ile njo tulitia sahihi na muhuri, sisi wenyewe wa sendika, bila kusoma tena.

Mwenzetu mumoja akafa. Alikuwa ametoa miezi 6, hakukosa hata mumoja. Mujane wake akakuja na karneti ya michango mukononi. Mutunza feza akafungua karatasi: zaidi ya 6, ni kusema kuanzia 7. Tulibishana tangu asubuhi mpaka mvua ya saa tisa, na mama yule amekaa kwenye kiti cha plastiki, mutoto mugongoni, anasikiliza wanaume wanahesabu miezi ya bwana yake. Mwisho tulimupatia kitu, lakini kilitoka mifukoni mwetu, juu wengine walikataa sanduku lifunguliwe. Kosa ni letu. Kijana wa klavie alifanya vile aliweza.

Kuko wenye wanasema: alama hizo ni mambo ya masomo, muchimbaji anatafuta zahabu tu. Tunakataa. Code minier ya mwaka 2002, yenye ilibadilishwa mwaka 2018, inasema eneo la uchimbaji wa mikono linaishia metre 30 chini: ≤ 30. Inasema pia kazi hii ni ya mutu mukubwa, ni kusema miaka 18 imetimia: ≥ 18. Andika > 18 kwenye liste, na kijana mwenye ametimiza 18 leo unamufukuza, ijapokuwa sheria inamukubali. Andika > 30 mahali pa ≤ 30, na unatuma watu waanze kuchimba pale walipaswa kuacha. Chini kule hakuna mutu wa kuuliza « ulitaka kusema nini? »

Kuzisoma haiko nguvu. Mudomo wenye umefunguka unaangalia kikubwa, ncha inaangalia kidogo: 3 < 7, na 7 > 3. Mustari wa chini unatoka kwenye alama ya usawa, =, na unasema: hata namba yenyewe inaingia. Mufaransa Pierre Bouguer njo alianza kuunganisha alama hizo mbili mwaka 1734, kwa hiyo haiko fundisho mupya la kutusumbua.

Shida ni kuzipiga. Klavie za kifaransa tunazotumia hapa, zile zinaanza na A-Z-E-R-T-Y, ziko na < pembeni ya W, upande wa kushoto. Ukishika Maj na kuifinya, inatoa >. Lakini ≤ na ≥ haziko na kifungo chao. Kwenye Word ya kifaransa, andika 2265, kisha shika Alt na ufinye C: inageuka ≥. Kwa ≤ ni 2264. Kama umesahau namba, ingia kwenye Insertion, kisha Symbole, utazikuta. Kwenye Excel, ukifanya hesabu, unaandika >= ao <=, alama mbili zikifuatana. Kwenye telefone nyingi, finya < kwa muda murefu, ≤ inatokea. Lakini kuvuta mustari chini ya >, hapana! Ni rangi tu juu ya alama; ukituma ao ukikopi, inaweza kupotea.

Na kama ordinatere inakushinda, andika na maneno. « Miezi 6 ao zaidi » haipotezi mustari wowote.

Karatasi mupya iko tayari, hatujaitia muhuri. Tumeandika maneno, na alama pembeni. Itasomwa kwa sauti, kwa kiswahili na kwa kinande, mbele ya mutu yeyote kutia sahihi. Mama yule tumemuomba akae mustari wa kwanza.