Mfasiri wa Lahani

Wako wanaodai kwamba muziki hauhitaji mfasiri: mwenye sikio atasikia, asiye nalo na akae kimya. Dai hilo lina sura ya unyenyekevu, lakini ndani yake mna kiburi, kwani huwaachia ladha wale tu waliozaliwa penye ladha.

Maisha ya Antony Hopkins yanatosha kulivunja. Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2014, alikuwa mtunzi, mpiga piano na kiongozi wa okestra. Hata hivyo, kilicholieneza jina lake ni kipindi cha redio ya BBC, Talking About Music, alichokiendesha tangu mwaka 1954 hadi 1992. Alikaa mbele ya piano, akaishika kazi moja ya Beethoven au ya mtunzi mwingine, akaifumua kama mkeka, ukili kwa ukili, kisha akaishona upya msikilizaji akisikia. Hakutosheka kuisifu kazi kwamba ni nzuri. Alionyesha mahali mtunzi alipokuwa na njia mbili, na sababu ya kuifuata moja na kuiacha ya pili. Vitabu vyake juu ya simfoni viliifanya kazi hiyo hiyo kwa kalamu.

Huo si upiga-domo wa studio. Ni elimu, na elimu ina gharama. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa makala na kwa kipindi. Kipindi kikifungwa, na riziki hufungwa. Uhuru wake wa kusema kweli ndio huo huo unaomnyima mshahara wa mwisho wa mwezi. Anayemtaka afanye kazi kwa mapenzi tu, na amtake pia mvuvi agawe samaki kwa mapenzi ya bahari.

Wala shauri hili si la Ulaya peke yake. Taarab ya asili nayo ni muziki wa kale wenye sheria zake. Ikhwani Safaa iliundwa Unguja mwaka 1905. Siti binti Saad alirikodiwa Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Lakini je, lahani zake zimeandikiwa nini? Hapa ndipo wapenzi wa ushairi wanapopaswa kuona haya. Watakesha wakigombana juu ya mizani moja iliyozidi, watalichambua fumbo hadi litoke jasho, lakini waulizwe wimbo huo umepigwa kwa maqamu gani, Rast au Bayati, watatazamana. Bashraf kwao ni muda wa kutafuta viti.

Ushairi wa pwani haukuachwa ujieleze wenyewe. Ulipata wahakiki, na kwa uhakiki huo vina na mizani vikajulikana hata kwa mtoto wa skuli. Lahani imenyimwa haki hiyo. Kila mzee wa udi au fidla anapozikwa, huzikwa na maelezo ambayo hakuna aliyemwuliza.

Redio zipo, kanda za zamani zipo, na vijana wenye masikio wapo. Anayekosekana ni mtu mmoja wa kukaa na udi mbele ya maikrofoni, aisimamishe nyimbo katikati na kusema: hapa, sikilizeni. Na akipatikana, alipwe.