Vitamini C: Neema Isigeuzwe Israfu

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyetujaalia afya na akili ya kuilinda.

Kila msimu wa kipupwe, baridi ya milima ya Uluguru inaposhuka hadi mjini Morogoro na mafua kuingia nyumba kwa nyumba, swali moja hurudi msikitini kwetu baada ya darsa za akina mama: je, vidonge vya Vitamini C vinaweza kumdhuru mtu? Wengi huamini kwamba haviwezi, kwa kuwa ziada hutoka kwa njia ya mkojo. Imani hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo tunayopenda kuizungumza leo.

Tuanze na kiasi. Mwanamume mtu mzima huhitaji takriban miligramu 90 kwa siku, na mwanamke 75. Mjamzito na anayenyonyesha huhitaji zaidi kidogo. Chungwa moja la wastani lina takriban miligramu 70. Basi kidonge kimoja cha miligramu 1000, kile kinachotoa povu kikitiwa majini, ni sawa na machungwa zaidi ya kumi kwa mkupuo. Mwili hauwezi kufyonza yote. Kinachobaki tumboni huleta msokoto, kichefuchefu na kuharisha. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wameweka ukomo wa miligramu 2000 kwa siku kwa mtu mzima. Huo ni ukomo wa kutovukwa, wala si kiwango cha kukitafuta.

Kwa watoto ukomo ni mdogo zaidi: miligramu 400 kwa mwenye umri wa mwaka 1 hadi 3, na 650 kwa wa miaka 4 hadi 8. Vidonge vya kutafuna vina rangi na utamu wa peremende. Mtoto wa miaka miwili akila viwili vya miligramu 200 amekwisha kuufikia ukomo, kabla hata hajaonja papai. Tunawanasihi wazazi wasiviite pipi, na waviweke mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Wapo pia ambao hawapaswi kumeza dozi kubwa bila kumuuliza daktari. Wa kwanza ni mwenye ugonjwa wa figo au aliyewahi kupata mawe kwenye figo, kwa sababu sehemu ya vitamini hii hugeuka oksaleti, ambayo hujenga mawe hayo. Wa pili ni mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi kwa jamii za maeneo yenye malaria kama yetu. Dozi kubwa mno inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Wa tatu ni mgonjwa wa selimundu au mwingine anayeongezewa damu mara kwa mara, ambaye huenda madini ya chuma yamezidi mwilini mwake. Wa nne ni mgonjwa wa kisukari, kwani dozi kubwa zinaweza kuvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya sukari vya nyumbani. Mwenye shinikizo la damu naye akumbuke kwamba vidonge vya povu huwa na sodiamu.

Je, vinazuia mafua? Tafiti nyingi zilizofanywa kwa miongo kadhaa zimeonyesha kuwa, kwa watu wa kawaida, kuvimeza kila siku hakuzuii mafua. Hupunguza kidogo tu muda wa kuugua. Kuanza kuvimeza baada ya kuugua hakujathibitika kusaidia. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mtoto mwenye homa akapewa Vitamini C na kusubiriwa apone, huku malaria au nimonia ikiendelea, amecheleweshewa tiba. Homa ipimwe zahanati, na mtoto anayepumua kwa kasi asilazwe nyumbani hadi asubuhi.

Anayehitaji vidonge avinunue katika duka la dawa lililosajiliwa, asome tarehe ya mwisho wa matumizi, na avile pamoja na chakula. Katika Ramadhani, baada ya futari au wakati wa daku. Kwetu Waislamu lipo jambo jingine: baadhi ya kapsuli na vitamini laini za kutafuna hutengenezwa kwa jelatini ya wanyama. Tusome lebo na kumuuliza mfamasia asili yake.

Hata hivyo, wengi wetu hatuvihitaji. Kinole na Matombo hutuletea matunda, Mgeta hutuletea mboga, na vyote hufika Soko la Chifu Kingalu. Pera, papai, embe na chungwa vinatosha. Mboga ziivishwe kwa muda mfupi na maji machache, maana moto na maji huipoteza vitamini hii. Tunda likiliwa pamoja na maharage au mchicha, husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, faida kubwa kwa wajawazito. Chai isubiri kwanza.

Sura ya Al-A'raf inatufundisha kula na kunywa bila israfu, na mafundisho hayo yanavihusu pia vidonge. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.